Orodha ya Maskini wa Avenyu ya Kumi na Saba

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe tano Agosti mwaka 2002, Shirika la Kimataifa la Bega kwa Bega liliutangazia ulimwengu kwamba umaskini katika avenyu ya kumi na saba, mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ungekoma rasmi tarehe thelathini Septemba saa kumi alasiri, na kwamba mara tu baada ya hapo kungekuwa na vinywaji baridi. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa gereji ya Massoudi, fundi wa kuchomelea vyuma, maana ndio ukuta pekee wa kando ya barabara uliobaki umesimama wima. Watu walilisoma, wakaisifu karatasi kwa uzito wake, wakauliza soda zitakuwa za aina gani.

Aliyelibandika alikuwa Zénon. Cheo chake kwa ukamilifu kilikuwa Afisa Mwezeshaji wa Ushiriki wa Jamii katika Utambuzi wa Kaya Zilizo Hatarini, na kwenye kitambulisho alichoning'iniza shingoni maneno hayo yaliendelea hadi upande wa nyuma. Zénon alikuwa mtu mwema. Tuliseme hilo mapema, kwa sababu mbele ya safari mtamwona akifanya mambo ambayo mtu mwema hayafanyi mpaka apewe mwongozo.

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tisa. Mwezi Julai mabomu yalishuka kutoka milimani, yakatoboa mapaa ya avenyu ile pasipo kuchagua dini wala kabila. Bega kwa Bega walikuwa na mabati mia tatu mapya ghalani. Mvua zilikuwa zikitazamiwa mwishoni mwa Septemba. Mabati yapo, nyumba zilizotoboka zipo, na nyundo anayo Massoudi. Mtu asiye na elimu angeyapakia mabati kwenye lori siku ileile akayapeleka, na hilo lingekuwa kosa kubwa la kitaalamu.

Kwa maana shirika lilikuwa na Mwongozo. Mwongozo huo wenye kurasa mia mbili na kumi na nne ulisema kwamba jamii ndiyo mtaalamu wa umaskini wake. Kwa hiyo jamii yenyewe ndiyo ingezitaja kaya zake maskini, hadharani na kwa uwazi, na mabati yangegawanywa sawasawa kati ya kaya zilizotajwa. Mfanyakazi wa shirika alikatazwa kupendekeza jina, kunong'ona jina, au kulitazama paa la mtu kwa muda uliopita kiasi. Na orodha ikishapigwa muhuri, hakuna binadamu wa kuibadilisha. Bila orodha, mabati yangerudishwa bandarini, na Zénon, ambaye mkataba wake ulikuwa unakwisha siku moja na umaskini, angerudi nyumbani.

Lakini kilichomkosesha usingizi Zénon hakikuwa mkataba tu. Nyuma ya nyumba ya Mama Sikuzani, katika chumba cha kusitiriwa, aliishi Caritas, mwanamke aliyekimbia mapigano upande wa Ruziba akiwa na watoto watatu. Chumba kilikuwa na kuta nne nzuri na, mahali pa paa, shitingi ya bluu, lile turubai la wakimbizi, limechanika katikati. Kitindamimba wake alikuwa na kifua, akikohoa mchana kutwa. Siku ya kwanza Zénon alilitazama turubai lile, akahesabu moyoni mpaka tatu, akageuza macho kwa kuiogopa kanuni.

Kikao cha kwanza kilifanyika kwenye uwanja wa gereji, kati ya injini mbili zilizofunguliwa. Kwa kufuata Mwongozo, Zénon alichora ramani ya avenyu chini kwa chaki, nyumba kwa nyumba. Kisha akafungua mfuko wa maharage kilo mbili. Kila mkazi angepewa punje kumi, naye angeziweka juu ya nyumba anazoona ni maskini. Nyumba yenye punje nyingi ndiyo maskini zaidi. Kitu kizuri cha njia hii, Mwongozo ulisema, ni kwamba hata mtoto anaielewa.

Watu waliielewa. Ndiyo maana hakuna aliyesogea. Walikuwa wakiyatazama maharage, ambayo yalikuwa ya manjano, yale yanayoiva upesi, na mwaka ule hayakuwa kitu cha kutupwa mavumbini.

"Mama Sikuzani," Zénon akasema, "tuanze na wewe."

Alijua anachokitafuta. Mama Sikuzani ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake waliofariki katika avenyu tatu nzima. Hapakuwa na chumba ambacho hajawahi kukiingia, wala godoro ambalo hajui limechanika upande gani. Kama kulikuwa na mtu anayetembea na orodha kamili kichwani, ni yeye.

"Mwanangu," akasema Mama Sikuzani, "unataka mi nisimame hapa mbele ya watu, niseme fulani ni maskini?"

"Ndiyo, Mama. Kwa uwazi."

"Na huyo fulani mwenyewe iko hapa, anasikia?"

"Ndivyo inavyotakiwa. Huo ndio ushirikishwaji."

"Astaghfirullah." Akavuta mtandio wake. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Lakini we umeona wapi mwosha anatoka inje na kuhutubia?"

Zénon akamgeukia Massoudi. Paa la Massoudi lilikuwa na tundu ambalo hata tai angepita bila kukunja mbawa.

"Tundu iko, sikatai," Massoudi akasema. "Lakini tundu ni tundu. Maskini ni kitu ingine."

Mwisho, kwa sauti ya mtu anayeomba, Zénon akamwuliza Caritas kama hana la kusema juu ya hali yake.

"Mi?" Caritas akashangaa. "Mi niko kwa Mama Sikuzani." Akalisema kama mtu anayetaja ghorofa tatu na gari mlangoni.

Ilipofika saa sita, maharage hayakuwa tena juu ya ramani. Yalikuwa sufuriani, na Mama Sikuzani alikuwa anayatilia kitunguu. Zénon alipakuliwa wa kwanza kwa sababu ndiye mgeni, akala sahani mbili. Alasiri aliandika taarifa yake: "Kaya maskini zilizotambuliwa: sifuri. Takwimu zote zilichakatwa na jamii yenyewe papo hapo."

Taarifa ilimfikia Monsieur Gaël, Mwakilishi Mkazi na Mkurugenzi wa mradi, katika villa namba nane huko Kinindo, karibu na ziwa. Villa hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi kwa mbele na makazi yake kwa nyuma, na Zénon naye alilala katika kibanda cha uani, kwa kuwa shirika lilitaka wafanyakazi wake wawe karibu. Monsieur Gaël alikuwa na miezi kumi na minne mjini, na Buyenzi alikuwa hajaikanyaga bado. Kanuni za usalama. Ili atoke getini ilimbidi aombe ruhusa kwa redio, na ruhusa ikija, huwa saa za kutoka zimekwisha. Lakini Buyenzi aliijua kwa ramani, na aliipenda kwa dhati.

"Sifuri?" akauliza.

"Sifuri, Mkurugenzi."

"Sifuri si namba tunayoweza kufanya nayo kazi." Akainuka, akaenda dirishani, akautazama ukuta wake. "Labda hawajui kwamba ni maskini. Hiyo huwa ndiyo hatua ya mwanzo ya umaskini. Zénon, mwezi ujao anakuja Madame Elvire kutoka makao makuu. Nenda ukatumie Sura ya Saba."

Sura ya Saba ilikuwa ya jamii zenye vichwa vigumu. Ilisema hivi: pale watu wanapoona haya kutaja majina, wasiulizwe nani ni maskini. Waulizwe maskini ni mtu wa namna gani. Watoe vigezo kwa maneno yao wenyewe, vigezo hivyo vipelekwe makao makuu vikathibitishwe, halafu kila kaya ipimwe kwavyo, alama moja kwa kila kigezo. Hapo hakuna jirani anayemtaja jirani. Hesabu tu ndiyo inayotaja.

Kikao cha pili, basi, Zénon alifika bila maharage. Watu walisikitika kidogo, lakini swali walilipenda. Hapakuwa na wa kuaibishwa, na nani asiyependa kuulizwa maoni yake?

"Maskini ni mutu anakula peke yake," alianza Massoudi. "Kila siku. Hata sahani ya pili haiko mezani."

"Haswa!" wakaitikia.

"Mutu akiugua, anayemuuguza ni wa mushahara," akasema Caritas. "Saa ya kazi ikiisha, anavaa viatu, anaenda kwake."

"Mutu hajui jina la mujirani yake," akasema mwingine.

"Mutu ya kuomba ruhusa ndiyo atoke kwake."

"Nyumba si yake, kitanda si yake, hata kijiko wamemuazima."

"Mugeni akikuja, lazima aandike jina kwa mulango kwanza," akaongeza Massoudi, na watu wakacheka, kwa sababu hilo halijawahi kuonekana Buyenzi.

Mama Sikuzani ndiye aliyefunga. Hakucheka. "Mutu akikufa leo," akasema, "hakuna hata mutu moja wa kumuosha anayejua jina ya mama yake."

Vikawa saba. Zénon aliviandika kwa mwandiko wake wa shule ya watawa, na kila kimoja alikisoma mara mbili kabla ya kuandika kinachofuata.

Monsieur Gaël aliposoma vigezo vile alifurahi mpaka akaketi. Vilikuwa vya kienyeji, vilikuwa vifupi, na havikuwa na neno hata moja kuhusu mabati. Akavituma kwa faksi alasiri ileile. Makao makuu yakajibu kwamba hayajapata kuona vigezo safi namna hiyo barani Afrika, kwamba vitachapishwa kijitabu, na kwamba kuanzia dakika hiyo havibadiliki. Madame Elvire akaongeza kwa mkono wake kwamba akija angetaka kuingia, yeye mwenyewe, katika nyumba ya maskini kuliko wote.

Ikabaki kazi ya kupima. Zénon alikwenda nyumba kwa nyumba na fomu zake, na kadiri alivyokwenda ndivyo maji yalivyozidi kumpanda shingoni. Nyumba ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Massoudi, sifuri, tena alimwuliza swali la kula peke yake wakati watu tisa wameizunguka sinia. Kwa Caritas alikaa saa nzima. Akamwuliza tena na tena, karibu kumsihi.

"Ukiugua, nani anakuuguza?"

"Mama Sikuzani. Na mabinti zake. Na huyu jirani wa upande huu, na wa upande ule."

"Una hakika? Hakuna hata mmoja anayelipwa?"

"Nani atalipwa kwa kunipa uji?"

"Nyumba je? Si ya kwako."

"Mama Sikuzani alisema ni yangu."

Zénon alitazama juu, akaliona turubai, akaiona mbingu ndani ya turubai, na safari hii hakuhesabu. Mtoto alikohoa. Akaandika sifuri kwa hasira, na hakujua hasira yenyewe ni ya nani.

Kaya arobaini na mbili, na jumla ya alama zote: sifuri. Akarudi gereji, akaketi juu ya tairi, akakunja fomu.

"Basi," akasema. "Mabati yatarudi yalikotoka."

Mama Sikuzani, aliyekuwa amekuja kumchukua Massoudi akamfungie bawaba, alimtazama. "Na we mwenyewe, mwanangu? Umejipima?"

"Mimi ni mfanyakazi, Mama."

"Mufanyakazi hali chakula?"

Zénon alitaka kulicheka swali, akashindwa. Mkewe Spès na watoto aliwapeleka Gitega kwa wakwe tangu mwaka uliopita, kwa ajili ya vita. Tangu hapo alikuwa anakula mkate na dagaa wa kopo, amesimama, katika kibanda cha uani, na upande wa pili wa ukuta alikuwa anamsikia Monsieur Gaël akikata nyama yake kwa kisu, peke yake, kwenye meza ya watu kumi na wawili. Mwaka mzima walikuwa wanakula pamoja namna hiyo. Ilimwuma alipoiona. Akaichukua fomu, akajijazia. Alipata tano.

"Tano!" Massoudi akashika kichwa. "Na huyo mukubwa yako?"

Mkono wa Zénon ulikuwa umekwisha kupanda juu ya karatasi kwa mazoea ya kazi. Chakula, alama moja. Uuguzi, moja. Ruhusa ya kutoka, moja na nusu kama ingewezekana. Zikafika saba juu ya saba.

"Haiwezekani," akasema. "Anakaa Kinindo. Kinindo haimo kwenye mradi."

"Kinindo imo," Massoudi akasema. "Mi ndiye nilichomelea geti ya villa. Na nilisaini karatasi imeandikwa juu: eneo la proje."

Ilikuwa kweli. Zénon alikwenda kuifungua hati ya mradi, na ukurasa wa tisa ukamthibitishia. Mwaka uliotangulia Monsieur Gaël alitaka ukuta wa villa uinuliwe kwa fungu la mradi, na kwa kuwa fungu la mradi haliwezi kujenga nje ya eneo la mradi, aliliandika eneo upya: avenyu ya kumi na saba, Buyenzi, na villa namba nane, Kinindo. Kwa hiyo kaya za mradi hazikuwa arobaini na mbili. Zilikuwa arobaini na tatu, maana kibanda cha uani kilihesabiwa ndani ya villa.

Jamii iliketi, ikasomewa hesabu, ikainua mikono. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyecheka pia, na hilo ndilo lililomshangaza Zénon. Mama Sikuzani alikuwa ameinamisha kichwa.

"Miezi kumi na ine," akasema. "Na sisi hatukuenda kumuona hata siku moja. Tutamujibu nini Mungu?"

Kwa heshima ya walengwa, Mwongozo ulikataza majina ya maskini yasiandikwe kwenye orodha. Ziliandikwa namba za siri. Orodha iliyofika mezani kwa Monsieur Gaël ilikuwa na mstari mmoja: Kaya KND-08, alama 7/7, mabati 300.

"Kaya moja tu?" Mkurugenzi akainua nyusi. "Na yote mia tatu?"

"Yanagawanywa sawasawa kati ya kaya zilizomo kwenye orodha," Zénon akasema. "Ukurasa wa arobaini."

"Lakini lazima awe na hali mbaya sana, mtu huyu."

Zénon alifungua mdomo. Kisha akakumbuka kwamba mfanyakazi wa shirika haruhusiwi kupendekeza jina, wala kulinong'ona, akaufunga. Monsieur Gaël akatia saini na kugonga muhuri, mara mbili, maana wino wa kwanza ulikuwa hafifu.

Madame Elvire aliwasili akiwa na viatu imara na kalamu tatu. Alhamisi tarehe kumi na tisa Septemba, baada ya ruhusa kuombwa kwa redio tangu Jumanne, msafara ulitoka Kinindo kwenda Buyenzi: gari la Mkurugenzi mbele, lori la mabati nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Monsieur Gaël, naye alisalimia kila mtu dirishani kama bwana harusi. Mama Sikuzani alipandishwa kiti cha mbele ili aoneshe njia. Wanawake wengine thelathini, Caritas akiwa kati yao, walipanda lori juu ya mabati na masufuria yao ya pilau, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, na kwa mgonjwa huwezi kwenda hivihivi. Massoudi alipanda na mkeka.

"Shika kushoto," Mama Sikuzani akamwambia dereva. "Enda. Enda tu. Kata kulia."

"Anaishi mbali na wenzake," Madame Elvire akasema, akiandika.

"Mbali sana," Zénon akatafsiri.

Wakapita mjini, wakashika barabara ya kusini, ziwa likatokea. Miti ikaanza kupangika na kuta kuinuka. Monsieur Gaël alikuwa akieleza kwamba umaskini wa kisasa una tabia ya kujificha. Gari likasimama mbele ya geti la chuma.

"Tumesahau kitu?" akauliza.

"Apana," Mama Sikuzani akasema, akifungua mlango. "Tumefika."

Zamu, yaani mlinzi wa getini, kijana mwaminifu kwa kazi yake, akatoa daftari. Kila mgeni aandike jina, saa na sababu ya kuja. Wanawake thelathini wakapanga foleni na masufuria vichwani. Madame Elvire alilitazama daftari, akaitazama foleni, akafungua kijitabu cha vigezo, akatia alama ya vema kwenye kigezo cha sita. Kwenye sababu ya kuja, Caritas aliandika: kumpa pole.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu, maana Madame Elvire alikuwa mtu wa utaratibu. Alimketisha Monsieur Gaël kwenye sofa ya shirika, akamsomea vigezo kimoja kimoja.

"Unakula peke yako?"

"Madame, hii ni..."

"Ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

"Jirani wa upande wa ziwa anaitwa nani?"

Monsieur Gaël alitazama nje kupitia dirisha, kule ambako ukuta wake mrefu ulimzuia kuona hata bati la jirani huyo.

"Kama unakataa matokeo," Madame Elvire akasema kwa upole, "basi jamii si mtaalamu wa umaskini wake, vigezo vyetu ni batili, kijitabu kimekwisha kuchapwa, na mradi wote unafungwa leo. Unakataa?"

Alikubali. Akaomba kalamu ili asaini fomu ya kupokea msaada, lakini fomu haikuwa na mahali pa saini. Utafiti ulikuwa umeonyesha kwamba maskini hawaandiki. Akaletewa kidau cha wino, na mbele ya wafanyakazi wake wote, mtu mwenye shahada tatu akaweka dole gumba. Mabati mia tatu yakashushwa kwenye bustani yake, juu ya maua.

Ndipo Massoudi akatandika mkeka sebuleni, sinia zikawekwa, na Mama Sikuzani akamshika mkono Monsieur Gaël akamketisha chini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanzoni alishika wali kwa ncha za vidole kama anashika kaa la moto. Baadaye akakunja mikono ya shati. Meza ya watu kumi na wawili ilisukumwa pembeni ikawekewa viatu. Caritas alimwuliza mama yake anaitwa nani, na yuko hai, na mara ya mwisho wameonana lini. Alijibu yote, Zénon akitafsiri. Kwa swali la mwisho macho yake yalilowa, akasema ni pilipili, na pilau halikuwa na pilipili. Zénon, aliyekuwa anakula ubavuni pake, alimwonea huruma ya kweli, ya kwanza katika mkataba wake wote.

Wingu zito lilikuwa limeinuka juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Mama Sikuzani akasimama, na wanawake wote wakasimama naye. Hawakuondoka. Walisimama tu.

"Wanangoja nini?" Monsieur Gaël akanong'ona.

"Mkurugenzi, kwetu mgeni akikutembelea hatoki kwako mikono mitupu," Zénon akanong'ona naye. Hapo hakuvunja kanuni yoyote. Hakutaja jina la mtu.

Monsieur Gaël akatazama kulia, akaona redio. Akatazama kushoto, akaona sofa yenye namba ya shirika. Hapakuwa na kitu chake hata kimoja ndani ya nyumba ile cha kumpa mtu. Akatazama bustanini. Akamgeukia Madame Elvire, naye Madame Elvire akafungua Mwongozo.

"Msaada ukishapokelewa ni mali ya mlengwa," akasoma. "Ukurasa wa sitini na moja. Tunaita umiliki."

"Chukueni," Monsieur Gaël akasema.

Lori lilirudi Buyenzi kabla ya tone la kwanza. Mama Sikuzani alikaa mbele, na kila alipomgusa dereva bega, lori lilisimama. Shusha kumi na mawili hapa. Shusha manane pale. Hapa matatu yatatosha. Hakutaja jina, hakutoa sababu, na hakuna aliyemwuliza. Kwa Caritas yalishuka kumi na manne, na Massoudi akapanda juu na nyundo huku upepo ukimpeperusha shati. Kazi ambayo Mwongozo ulikuwa umeipigania wiki sita iliisha katika muda wa chungu kuchemka, na hakuna mtu katika avenyu nzima aliyeitwa maskini. Zénon alisimama barabarani akiwa na fomu zake mkononi. Aliona aibu, akafurahi, vyote kwa pamoja.

Makao makuu nayo hayakuchelewa. Mlengwa, yakaandika, hawezi kuongoza mradi unaomsaidia mwenyewe. Kwa hiyo Monsieur Gaël alivuliwa cheo mpaka atakapotoka katika umaskini, na cheti cha kutoka kingetolewa na jamii, ambayo ndiyo mtaalamu. Gari alinyang'anywa, kwa kuwa walengwa hawapandi magari ya shirika. Zénon alihama kibandani, akapanga chumba karibu na gereji, akapimwa upya, akapata sifuri. Alikuwa mhitimu wa kwanza wa mradi, na kwa sifa hiyo akakabidhiwa ofisi.

Wiki ya pili ya Oktoba, Ijumaa, mvua ilinyesha kama imetumwa. Monsieur Gaël alifika avenyu ya kumi na saba kwa miguu, ameloa chapachapa, akauliza kamati ya jamii inayotoa vyeti inakaa wapi. Wakampeleka nyuma, kwa Caritas, ambako Mama Sikuzani naye alikuwapo. Kelele za mvua juu ya mabati zilikuwa kubwa kiasi kwamba alipozungumza hakuna aliyesikia neno, naye akaambiwa kwa ishara avue koti na akae. Watoto watatu walikuwa wamelala kitandani, pakavu, na hakuna aliyekohoa. Akapewa ndizi na maharage. Akala. Mvua ilipolegea, akajifuta mdomo na kusema kwa Kiswahili alichokuwa amejifunza njia nzima:

"Mama Sikuzani, mimi nimekuja kwa cheti."

"Leo hatupimi, mwanangu. Leo unakula."

"Lini, basi?"

"Kupima iko mwezi ujao," akasema Caritas, akimwongezea maharage. "Lakini mbele yake kuna semina. Siku tatu. Mi ndiye nafundisha. Saa mbili uwe umefika, na uje na kikombe yako."

Monsieur Gaël akatoa daftari mfukoni, akaandika.